Karai Moja la Maua

Siku ile tulikuwa watano: mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, ambaye anafundisha chekechea huko Matuu na alikuwa amefunga shule, mdogo wetu wa kiume, kitinda mimba, aliyepata likizo fupi kutoka kiwanda anakofanya kazi Mavoko, mjomba wetu, kaka yake marehemu mama, aliyekuja na msumeno wake wa kukatia kahawa, na Susu. Susu ni nyanya kwa Kikamba. Si wa damu yetu. Ni jirani wa ng'ambo ya kijito, lakini tangu tukiwa wadogo hatujamwita kitu kingine.

Kilichotukutanisha ni vichaka vinne vya maua vilivyo nyuma ya nyumba, mahali maji ya mabati yanapodondokea. Wenye kuyajua huyaita haidrenjia. Sisi tuliyaita maua ya mama. Kila ua ni kichwa kizima, kikubwa kama kabichi, kilichojengwa kwa viua vidogo vingi vilivyobanana. Huku kwetu juu ya vilima vya Mua yanakubali kwa sababu ya baridi. Ukiteremka kidogo tu kuelekea mjini Machakos, jua linayamaliza.

Mama aliyapanda kwa vipande alivyokatiwa na Susu. Wakati huo ua wote wa Susu ulikuwa wa maua hayo, ya buluu, na watu waliokwenda kanisani walipita njia ya kwake makusudi. Vyetu vilikuwa bado vijiti vyenye majani machache mama alipofariki, na baba alikuwa ametangulia. Nilikuwa kidato cha pili. Siku ya mazishi Susu alikuja na karai la bati kichwani, limejaa maua hadi yanamwagika. Alikuwa amekata yote, hata yaliyokuwa hayajafunguka. Alilitua miguuni pangu, si miguuni pa wazee wala pa mchungaji, akasema kwa sauti ya watu kusikia:

“Haya si ya bure. Ni mkopo. Siku yangu mtanirudishia karai likiwa limejaa hivi hivi.”

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu asubuhi. Mimi sikucheka. Nilijua kwamba kuanzia jioni ile hakuna mkubwa mwingine katika nyumba yetu, na hilo lilikuwa jambo la kwanza nililokabidhiwa. Tulimfunika mama kwa maua ya buluu. Karai likabaki kwetu. Nililitundika msumarini jikoni, na sijawahi kuoshea nguo ndani yake.

Miaka ikapita. Shule sikurudi. Wadogo zangu walisoma, na vichaka vikakua hadi vikafika madirishani. Kisha kukaja ule ukame ambapo mvua zilitupita misimu mitatu. Susu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na tangi moja la maji, akachagua ng'ombe. Ua wake wote ulikauka. Vyetu vilipona kwa maji ya kuoshea vyombo na ya kuogea. Kwa hiyo katika kijiji kizima maua yale yalibaki kwetu peke yetu, na Susu alikuwa anazeeka.

Hofu yangu ilianza polepole. Kila msimu vichwa vilitoka vidogo kuliko vya msimu uliopita, mwisho vikawa kama yai la kuku. Mashina yalikuwa yamejazana, mengi ya kijivu, magome yanabambuka, na katikati ya kichaka hakukupita hata mwanga. Susu naye miguu ilianza kuvimba. Alikuja siku moja akaegemea fimbo, akatazama maua yaliyokuwepo.

“Haya yatanifunika nini?” akaniuliza. “Goti?”

“Yataongezeka, Susu.”

“Yataongezeka lini? Kata hivyo vizee vitoke vijana. Na usije ukanizika na plastiki. Nitaamka.”

Nilimuuliza mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara ya kuingia mjini. Aliniambia maua haya hayatoki kwenye shina la mwaka huu. Yanatoka kwenye shina lililoota mwaka jana, na huanza kujiandaa ndani ya chipukizi wakati wa baridi, kabla mtu hajaona kitu. Ukikata kichaka chote, kitachipuka vizuri, lakini ungoje karibu mwaka mzima kabla ya kuona ua.

Mwaka mzima. Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyebeba yai mfukoni. Nikiacha vichaka vilivyo, vinakufa taratibu na siku ya Susu nitakuwa na maua ya kujaza kikombe. Nikivikata, vitapona, lakini Susu akiondoka ndani ya mwaka huo, nitasimama kaburini na karai tupu mbele ya watu walewale waliosikia. Nilikaa na jambo hilo miezi, nikimsikiliza anavyopumua akipanda kilima. Mwezi wa nane, wadogo zangu waliposema watakuwa nyumbani siku moja, nikampigia mjomba.

Mjomba amekata kahawa maisha yake yote. Alifika mapema kuliko tulivyopatana. Nilikuwa jikoni nachemsha chai, nikasikia msumeno, nikadhani anaujaribu kwenye kuni. Nilipotoka na sufuria mkononi, kichaka cha kwanza, kile cha karibu na mlango wa jikoni ambacho mama alikipanda kabla ya vingine, hakikuwepo tena. Kulikuwa na visiki vinavyofika nusu ya muundi, vyeupe, vimekatwa kwa mshazari safi kabisa kama anavyofanya kwenye kahawa yake. Mjomba alikuwa anajifuta jasho, ameridhika.

Mdogo wetu wa kiume alikuwa amesimama hapo na mswaki mdomoni. Akautoa.

“Anko, umeua.”

“Nimeua nini? Huu mti ulikuwa unakufa wenyewe. Mimi nimeusaidia kuamua.”

Niliweka sufuria chini. Katikati ya matawi yaliyolala nikaokota moja lenye gome laini, na kwenye ncha yake kulikuwa na chipukizi nene, limefura kama ncha ya kidole. Nikalipasua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na punje za kijani, ndogo kuliko za mtama, zimekaa pamoja kama kichwa. Lilikuwa ua. Mama muuza miche alikuwa amesema kweli, na maua ya Desemba yalikuwa yamelala kwenye vumbi, chini ya viatu vya mjomba.

Mdogo wangu wa kike alitoka ndani na simu, ameshasoma mahali fulani. “Ukikata yote hakuna maua mpaka mwaka ujao,” akasema, kabla hajaona nani yuko nyuma yake.

Susu alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

“Mwaka ujao,” akasema. “Mwaka ujao mimi niko wapi?”

Mdogo wangu aliificha simu nyuma ya mgongo.

“Uko hapa hapa, Susu,” mdogo wetu wa kiume akasema. “Unatusumbua.”

“Wewe nyamaza na povu lako mdomoni. Nileteeni kiti.”

Mjomba hakuwa anajua habari ya mkopo. Siku ya mazishi, Susu aliposema maneno yale, alikuwa bado njiani na gari lililoleta jeneza, na baadaye hakuna aliyemweleza. Alikuwa ameinua msumeno kuelekea kichaka cha pili. Sijazoea kumkatiza. Ndiye aliyetulimia shamba miaka ya mwanzo, na mtoto wa dada yake hamwambii mtu kama yule kwamba amekosea mbele ya wengine.

“Mjomba,” nikasema, “ukibadilisha mashina ya kahawa, unakata yote siku moja?”

“Nikate yote nile nini? Naacha moja la kupumulia. Mti unakunywa hewa na hilo mpaka vijana wapate nguvu, ndiyo nalitoa.”

“Basi na hivi tuviachie vya kupumulia.”

Aliangalia visiki vya kichaka cha kwanza, akaangalia lile chipukizi nililopasua, lililokuwa bado kwenye kiganja changu. Alielewa haraka kuliko sisi wote. Hata kahawa huzaa kwenye tawi la mwaka uliopita. Akaushusha msumeno.

“Ungeniambia kabla ya chai.”

“Ulianza kabla ya chai.”

Susu akacheka hadi akakohoa, na kukohoa kwenyewe kukanitia wasiwasi mwingine.

Vilivyobaki vitatu tulivifanyia kazi hadi alasiri. Mdogo wangu wa kike alichana kitambaa cha leso kuukuu, akafunga kila shina tulilokubaliana libaki. Yale ya kijivu yenye magome yanayobambuka, yaliyo manene kuliko kidole gumba na yenye vichipukizi vyembamba, ndiyo yalikuwa ya kutoka, na si yote: theluthi tu, mengine mwaka ujao, mengine mwaka utakaofuata. Kila moja lilikatwa chini kabisa, karibu na udongo, ili chipukizi jipya litoke kwenye mizizi na si juu ya kisiki. Mjomba alilala ubavu kuingiza msumeno katikati. Mdogo wetu wa kiume alivuta matawi yaliyokatwa, polepole, maana ukivuta kwa nguvu unavunja ncha za jirani, na kwenye ncha ndimo maua yalimo.

Susu, kutoka kitini, alikuwa anaonyesha kwa fimbo.

“Hilo acha. Hilo ni langu.”

“Susu, hili limekauka.”

“Lina jani.”

“Jani lenyewe ni la mti mwingine, limeangukia hapo.”

“Basi lile pale. Lile nalo liache.”

Kila aliloonyesha lilikuwa la kuachwa. Mdogo wetu akamwambia, “Tukikusikiliza tutakata hewa.” Lakini nilimwona mjomba, mara mbili au tatu, akipita shina la kijivu alilopaswa kulitoa, kwa sababu lilikuwa na chipukizi moja nene na fimbo ilikuwa imelielekea.

Tulipomaliza tukatandaza samadi na mabua ya mahindi. Mjomba alitaka chombo cha kubebea samadi, akaingia jikoni, akatoka na karai.

“Hilo hapana,” tulisema watatu kwa pamoja.

Akaliangalia juu na chini kutafuta tundu. Ndipo Susu mwenyewe akamweleza, kwa kifupi, kama mtu anayeeleza ng'ombe wake yuko kwa nani. Mjomba alilirudisha msumarini. Hakunywa chai ya pili. Alipokuwa akiondoka alisimama kwenye visiki vya kichaka cha mama, akaniambia taratibu, “Kahawa hurudi, mama. Kahawa hurudi hata ikikatwa yote.” Nilimwambia najua. Sikujua.

Septemba ilikuwa kavu, na upepo. Wadogo zangu walikuwa wamerudi makazini. Kila asubuhi nilitoka kabla ya kuwasha moto nikapima kwa macho: visiki vilikuwa visiki. Nilivimwagia maji ya vyombo. Niliacha kutupa majivu pale, kwa sababu mdogo wangu wa kike alikuwa ameniambia majivu ndiyo yaliyogeuza maua yetu kuwa ya waridi, ilhali yale ya mkopo yalikuwa ya buluu. Mjomba alituma gunia la maganda ya kahawa badala yake. Nilikuwa sijawahi kufikiria habari ya rangi. Sasa nayo ikawa kitu cha kuhofia. Nitarudishaje buluu kwa waridi?

Kisha mkwe wa Susu akanipigia kwamba wamempeleka hospitali, mjini, amejaa maji, hawezi kulala chali.

Tangu hapo simu ikiita, niliangalia vichaka kwanza kupitia dirishani, ndipo nikaangalia ni nani anayepiga. Sijui nilidhani nitaona nini. Nilimtembelea, nikamkuta ameegemezwa kwenye mito, mdogo kuliko kitanda. Nje ya hospitali, kwenye duka linalouza majeneza na mashada, yalining'inia maua ya plastiki mekundu na meupe, yamefunikwa nailoni ili yasipate vumbi. Nilipita mbele yake nikiwa nimeangalia upande wa pili wa barabara.

“Vimetoa?” ndilo jambo la kwanza aliloniuliza.

“Bado, Susu. Mvua haijafika.”

“Ngoja basi.”

Sikuelewa kama ananiambia mimi ningoje, au anajiambia mwenyewe.

Mvua ilifika mwishoni mwa Oktoba. Ndani ya wiki chache kisiki cha jikoni kilitoa machipukizi mengi kiasi kwamba hukukiona chenyewe tena. Nikampigia mjomba kwa furaha. Akaniambia nisifurahi, ning'oe yaliyo dhaifu niache yenye nguvu, la sivyo yote yatakuwa nyuzi. Nilitoka mara tatu na kurudi ndani bila kung'oa. Kila chipukizi niliona ni kichwa kimoja cha ua ambacho nitakuja kukikosa. Mara ya nne nilifumba macho nikang'oa la kwanza, na mengine nikayang'oa macho wazi.

Vile vitatu, kwenye yale mashina ya kupumulia, vilianza kufungua mwisho wa Novemba. Vichwa vilikuwa vichache. Lakini vilikuwa vikubwa, kama vya zamani, na pembeni mwa waridi mlikuwa mmeingia rangi ya zambarau, upande mmoja karibu buluu. Niliita wadogo zangu kwa simu mmoja baada ya mwingine nikawaambia habari ya rangi, na kitinda mimba akaniuliza kama nimelewa.

Susu alikuwa ameshatolewa hospitali, amelala kwa mkwe wake na dawa za kupunguza maji. Nilifikiri sana. Nikaona kwamba heri kupunguza deni mapema: kama nisipofanikiwa kujaza karai siku yake, angalau atakuwa amepokea kitu mkononi. Nikachagua vichwa vitatu vikubwa, nikavikata asubuhi na umande, nikavifunga kwa ule utepe wa leso, nikavuka kijito.

Alivitazama muda mrefu. Hakunyoosha mkono.

“Hii ni nini?”

“Maua yako, Susu.”

“Maua yangu ni ya siku gani?”

Nikashusha maua.

“Unanilipa mapema,” akasema, “ili niondoke mapema?”

“La, Susu. Nilitaka tu uyaone.”

“Nitayaona yakiwa kwa mti. Nipeleke kwa miguu yangu nikipata nguvu. Hayo rudi nayo.”

Mkwe wake alikuwa mlangoni na kikombe cha uji, anauma mdomo asicheke. Nilivuka kijito tena na maua yangu matatu. Sikuweza kuyatupa wala kuyaweka mezani. Niliyalaza juu ya kaburi la mama, upande wa kichwani, nikasimama hapo kidogo, kwa sababu ghafla nilikuwa sina kazi ya mikono.

Alikuja kabla ya Krismasi. Alichukua asubuhi nzima kupanda kilima kile kidogo, anakaa kila penye jiwe, na mimi nikitembea nyuma yake mikono mbele kama mtu anayefukuza bata. Alikagua vichaka vitatu kama anayepima kitambaa dukani. Akaniambia nilete karai. Nikalitoa msumarini, nikalishika chini ya maua, yeye akikadiria kwa macho, akisogeza fimbo kutoka kichwa hadi kichwa.

“Nusu,” akasema. “Na hiyo ni kwa kukuonea huruma.”

“Nusu na kidogo.”

“Nusu.” Kisha akageuka kwenye kile cha jikoni, ambacho kilikuwa majani matupu, makubwa, ya kijani iliyokolea, mashina mapya yamefika kiunoni. “Na huyu?”

“Huyu mpaka mwaka ujao.”

Alikiangalia kwa muda. Alishika jani moja, akaligeuza, akaangalia upande wa chini kama anatafuta wadudu.

“Huyu ndiye atakayejaza,” akasema. “Basi sina haraka.”

Nilimsindikiza. Aliporudi kitandani miguu ilivimba tena, na mkwe wake akanigombeza, na alikuwa na haki.

Sasa ni Februari. Nimekata vichwa vilivyokauka, nimefunga vitambaa vipya kwenye mashina yatakayobaki, na nimeandaa msumeno kwa ajili ya theluthi ya pili. Mjomba atakuja Jumamosi na ameahidi kunywa chai kwanza. Safari hii tunakata mapema, ili mashina yapate baridi yote ya Julai. Kile cha jikoni hatutakigusa. Nimeanza kukitazama kwenye ncha, ingawa najua bado hakuna kitu cha kuona.

Susu hupiga simu alfajiri, kabla kuku wangu hawajatoka. Simu ikiita, natazama dirishani kwanza.

“Mmemwagilia?”

“Tumemwagilia, Susu. Umeamkaje?”

“Nimeamka,” husema, na kukata.

Karai liko msumarini. Nililipangusa vumbi jana. Bado ni tupu.